Kwani bahari ina sheria? Kazi inayowangoja vijana wa Pwani

Mwambie mzazi wa hapa kwetu kwamba mwanawe anataka kusomea sheria, atafurahi na kuwaambia majirani. Mwambie ni sheria ya bahari na mazingira, atakuuliza: kwani bahari ina sheria? Swali hilo si la ujinga. Kwa wengi wetu bahari ni ya Mwenyezi Mungu, riziki yake hufuata Kusi na Kaskazi, na sheria tunayoijua ni ile ya afisa wa uvuvi anayekuja bandarini kuchukua juya au kumwuliza nahodha leseni. Lakini bahari hii tunayoitazama kutoka Vanga hadi Kiunga imechorwa mistari, imekatwa vipande, na kila kipande kina mwenyewe kwenye karatasi. Karatasi hizo haziteremki kutoka mbinguni. Huandikwa na watu walioajiriwa kuziandika, na watoto wa mwambao ni wachache mno katika vyumba zinamoandikwa.

Makala haya ni kwa kijana aliye kidato cha nne, au aliyemaliza na sasa yuko barazani akingoja bahati ya kwenda Ghuba, na ni kwa mzazi anayelipa karo. Nataka tuielewe kazi yenyewe, tuone imetufanyia nini sisi hapa, kisha tuzungumzie njia ya kuifikia na taabu zake.

Mistari juu ya maji

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulikamilishwa mwaka 1982 kule Montego Bay, Jamaica. Kenya iliuridhia mwaka 1989 na ukaanza kufanya kazi mwaka 1994. Unasema hivi: chukua mstari ambapo maji hufika yakikupwa, hesabu maili 12 za baharini kwenda nje, yaani kama kilomita 22, na hayo ni maji ya nchi kama ilivyo ardhi yake, ila meli za wengine zina haki ya kupita kwa amani. Endelea hadi maili 200, kama kilomita 370, huo ni ukanda wa kiuchumi. Samaki, mafuta, gesi, hata umeme wa upepo na mawimbi ndani ya ukanda huo ni haki ya nchi husika. Nje ya hapo ni bahari kuu, ya walimwengu wote.

Jambo ambalo watoto wetu hawafundishwi shuleni ni kwamba wazo la ukanda huo wa maili 200 lilipitia mikononi mwa Mkenya. Mwaka 1971, katika mkutano wa wanasheria wa Asia na Afrika mjini Colombo, Frank Njenga, mwanasheria wa serikali ya Kenya, aliweka mezani hoja kwamba nchi ya pwani inastahili kumiliki mali ya bahari mbali zaidi ya maji yake ya karibu. Mwaka uliofuata Kenya ikaipeleka rasimu kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa. Nchi ilikuwa na miaka minane tu tangu uhuru. Wakati huo meli za mataifa tajiri zilikuwa zikivua karibu na fuo za wengine zipendavyo, na nchi changa hazikuwa na manowari za kuzifukuza. Zilichokuwa nacho ni hoja iliyopangwa vizuri. Leo hoja hiyo ni sheria ya dunia nzima.

Kalamu hiyohiyo ikitumiwa vibaya, au ikichelewa, hupoteza. Wakazi wa Kiunga na visiwa vya Lamu wanaijua hadithi ya mpaka wa baharini na Somalia. Kenya ilidai kwamba mpaka unatoka ufuoni na kwenda moja kwa moja mashariki, ukifuata mstari wa latitudo. Somalia ikadai ukatwe katikati, kwa kufuata jinsi pwani za nchi mbili zilivyoelekea. Somalia ilifungua kesi mwaka 2014 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 12 Oktoba 2021. Mahakama ilikataa hoja kwamba Somalia ilikuwa imekubali mstari wa Kenya kwa kunyamaza miaka yote ile, ikachora mstari wake yenyewe ulio karibu zaidi na dai la Somalia, ingawa iliusogeza kidogo kwa faida ya Kenya. Kenya ilikuwa imejiondoa kwenye vikao vya mwisho na ikasema haiitambui hukumu. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa za jambo lile. Mimi ninachokitazama ni aina ya ushahidi uliopimwa: matangazo ya serikali ya mwaka 1979 na 2005, rekodi za doria, leseni za uvuvi, vitalu vya mafuta. Kila karatasi ambayo mtu fulani katika ofisi fulani aliiandika au hakuiandika kwa miaka arobaini ilihesabiwa. Mvuvi wa Kiunga hakuwahi kumjua karani huyo.

Makaa ya mawe, bandari na risasi

Ya The Hague ni ya mbali. Tuje nyumbani, maana hapa ndipo kazi hii inapoonekana kwa macho.

Mwaka 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Huo ulikuwa mradi wa kama dola bilioni mbili, ukiungwa mkono na serikali kuu. Waliopinga walikuwa wenyeji waliokusanyika chini ya Save Lamu, wavuvi na wakulima na watu wa mji wa kale. Kwa macho ya wengi ilikuwa ni panya kumshtaki tembo. Walikata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo likaifuta leseni. Kampuni ilienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi, na mwaka 2025 rufaa yake ikatupwa.

Walishinda vipi? Nataka kijana asome sehemu hii polepole. Maandamano na fulana zilizoandikwa zilisaidia kuwafanya watu wajue, lakini jopo halihukumu kwa fulana. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 zinasema mwenye mradi lazima atangaze mradi wake kwa mabango, gazeti na redio, na afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika ili kuwaeleza mradi na madhara yake, na kupokea maoni yao ya mdomo au ya maandishi. Mikutano ilikuwa imefanywa Lamu, ndiyo. Lakini jopo lilitazama ilifanywa lini na kuhusu nini. Likaona kwamba ile ilikuwa mikutano ya kuutambulisha mradi, kabla ya utafiti kukamilika. Utafiti ulipokamilika na ripoti nene ya kitaalamu ikatoka, watu hawakurudiwa kuelezwa kilichomo ndani yake. Jopo likaona pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kwa hiyo mradi wa mabilioni ulianguka kwa sababu mtu alikaa chini, akasoma kanuni, akapanga tarehe za mikutano kwenye mstari mmoja na tarehe ya ripoti kwenye mstari wa pili, akaona pengo.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sehemu kubwa ni kusoma.

Kesi ya bandari ya Lamu ina mafunzo mengine, na si yote matamu. Mwaka 2012 Mohamed Ali Baadi na wenzake walikwenda Mahakama Kuu kuhusu mradi wa LAPSSET. Tarehe 30 Aprili 2018 majaji watano waliamua kwamba haki za wenyeji zilivunjwa: haki ya mazingira safi, haki ya kushirikishwa, haki ya wavuvi juu ya maeneo yao ya jadi, na haki ya utamaduni, kwa kuwa uvuvi wa Lamu ni namna ya kuishi ya watu wenyewe na thamani yake inapita bei ya samaki sokoni. Wavuvi wapatao 4,600 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kisha zikaja rufaa, mazungumzo nje ya mahakama, hesabu ya nani ni mvuvi na nani si mvuvi, sehemu ilipwe pesa taslimu na sehemu kwa vifaa. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021 wavuvi wakiwa bado wanangoja. Wakili anayedhani kazi yake inaisha hukumu ikisomwa hajaijua kazi hii. Daftari la wavuvi lililoandikwa vizuri na BMU kabla ya kesi lina thamani kuliko hotuba nzuri baada ya kesi.

Na kuna Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwasambazia wakazi sumu ya risasi hewani, majini na udongoni hadi kilipofungwa mwaka 2014. Aliyeanzisha vita vile, Phyllis Omido, hakuwa wakili. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho ambaye mtoto wake mchanga alikutwa na sumu. Alianzisha shirika, akakusanya vipimo vya damu, akabisha kila mlango, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020 na kuamuru udongo usafishwe. Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe miaka, na ukumbuke kwamba walioathirika zaidi walikuwa watoto.

Nimezitaja kesi hizi tatu kwa makusudi. Zote zimesimama juu ya vifungu ambavyo kila Mkenya anavyo mkononi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kuitetea haki hiyo bila ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Na Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki zilizomo katika Sura ya Haki. Milango iko wazi, ila wanaojua kuingia ni wachache.

Sheria na sera

Watu huzichanganya, na kijana akizichanganya atachagua kozi isiyomfaa. Sheria hukwambia nini kinaruhusiwa na nani ataadhibiwa. Sera ni uamuzi wa nini kifanywe kwanza, kwa pesa gani, na nani apate nini, na mara nyingi huamuliwa kabla ya sheria kuandikwa. Mtu wa sera huenda asiingie kortini maisha yake yote. Anaandika taarifa ya kurasa nne kwa waziri, anasoma bajeti, anakaa kwenye mkutano akipigania neno moja libadilishwe.

Chukua jodari. Jodari anahamahama, hajui mpaka wa Kenya wala wa Shelisheli, kwa hiyo nchi za Bahari ya Hindi hukaa pamoja katika Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria. Kenya ni mwanachama tangu 2004. Mwezi Februari 2023 tume hiyo ilikutana papa hapa Mombasa kuzungumzia maboya yanayoachwa yaelee baharini ili kuwavuta samaki, ambayo meli kubwa huyazunguka na kuzoa hadi jodari wachanga. Ikapitishwa kwamba yapumzishwe siku 72 kila mwaka. Baada ya hapo Umoja wa Ulaya na wanachama wengine wakaweka pingamizi kwa kutumia kanuni za tume yenyewe, na azimio likakosa meno. Siku zile za mkutano, wavuvi wetu wa mshipi waliokuwa wakiteremsha jodari ufuoni, wangapi walijua kwamba maili chache kutoka pale watu wanaamua habari za samaki huyo? Mkutano ule ulihitaji watu wanaojua mambo mawili kwa pamoja: kanuni za pingamizi na bei ya jodari pale Old Town. Wanaojua la kwanza ni wengi. Wanaojua la pili wako ufuoni.

Mfano mwingine ni mikoko. Gazi, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa kwa miaka zaidi ya kumi, na fedha zake zimefika kwenye maji na shule za kijiji. Sasa wanunuzi wa hewa ya ukaa wanabisha hodi kila mahali, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka kuwe na mkataba wa maendeleo kati ya mradi na jamii, na kwamba jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka kwa miradi ya ardhini, na asilimia 25 kwa miradi isiyo ya ardhini. Asilimia 40 ni tamu masikioni. Lakini gharama hutolewa kwanza, na swali la ni gharama zipi na nani anayezihesabu liko ndani kabisa ya mkataba, ukurasa ambao mzee wa kijiji hatafikishwa. Nisingependa kijiji chochote cha Pwani kitie kidole gumba kwenye mkataba wa miaka ishirini bila ya mtu wao wenyewe aliyeusoma.

Na kuna kaunti. Nitasema wazi maoni yangu: nafasi muhimu kuliko zote katika taaluma hii haiko The Hague wala Gigiri, iko katika ofisi za kaunti zetu. Katiba imegawa kazi hii vipande viwili. Serikali kuu ina ulinzi wa mazingira na maliasili kwa jumla, kaunti zina uvuvi pamoja na kilimo. Kaunti inaweza kutunga sheria yake ya uvuvi, kupanga matumizi ya ufuo, kuzilinda njia za kuteremkia baharini ambazo mahoteli na nyumba za kifahari zinazifunga moja baada ya nyingine. Mswada wa namna hiyo unahitaji mwandishi. Kaunti isipokuwa naye humlipa mshauri kutoka mbali, naye hunakili mswada wa kaunti nyingine, wakati mwingine hata ya bara isiyo na tone la maji ya chumvi.

Njia ya kufika

Kwa anayetaka uwakili, njia ni ndefu lakini inajulikana. Shahada ya sheria ni miaka minne. Baadaye ni Kenya School of Law kwa mafunzo ya uwakili, mitihani ambayo imewaliza wengi, na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu, ndipo mtu aapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Weka miaka sita hivi, zaidi ikiwa mtihani utarudiwa. Sharti la kuingia Kenya School of Law kwa aliyetoka KCSE na kusoma sheria hapa nchini limekuwa alama ya C+ kwa jumla na B ya Kiingereza au Kiswahili. Nimeliandika neno "au" kwa furaha. Kiswahili chako, ambacho huenda uliambiwa hakina soko, kimo kwenye sharti. Lakini mambo ya masharti haya yamekuwa yakibishaniwa mahakamani, kwa hiyo ulizia upya kabla ya kulipa karo mahali popote. Karo yenyewe ni mzigo: HELB, basari ya kaunti na ile ya eneo bunge ziombwe mapema, maana mtoto wa mvuvi akingoja mpaka barua ya kuitwa chuoni ifike, dirisha huwa limeshafungwa.

Anayependa kuingia majini zaidi kuliko kortini ana njia fupi. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hufundisha sayansi ya bahari na mazingira. Ukiwa na shahada hiyo unaweza kusajiliwa na NEMA kama mtaalamu wa tathmini ya mazingira, na wewe ndiye utakayeandika zile ripoti nene, au utakayeajiriwa na jamii kuzikosoa. Unaweza kuingia KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari iliyo hapahapa Mombasa, au Idara ya Uvuvi, au Huduma ya Wanyamapori inayosimamia hifadhi za bahari za Watamu, Malindi, Mombasa na Kisite. Kisha ukitaka, shahada ya pili katika sheria na sera za mazingira inasomwa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kituo cha CASELAP, na si lazima uwe wakili kuingia. Binafsi nawaheshimu sana watu wa mchanganyiko huu. Wakili asiyejua matumbawe ni nini hudanganywa kirahisi na shahidi wa upande wa pili.

Nje ya nchi kuna vyuo viwili vya kukumbuka. Chuo cha sheria ya bahari cha IMLI kiko Malta, kilianzishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari mwaka 1988, na nusu ya nafasi zake zimetengewa wanawake. Mabinti wa Pwani, mnasikia? Kingine ni Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia, Malmö, Uswidi. Mara nyingi wanaokwenda huko hupendekezwa na ofisi za serikali wanakofanya kazi, kama Mamlaka ya Bahari ya Kenya au bandari, hivyo kazi ya kwanza ya mshahara mdogo katika ofisi hizo isidharauliwe. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyo Hamburg, hupokea vijana wa kujifunza kazi kwa miezi michache. Benchi yake ina majaji 21, na jirani yetu James Kateka wa Tanzania alikaa pale kutoka 2005 hadi 2023. Mei 2024 mahakama hiyo ilitoa maoni kwamba gesi zinazopasha joto dunia ni uchafuzi wa bahari kisheria, kufuatia ombi la visiwa vidogo vinavyoogopa kuzama. Na mkataba mpya wa kulinda viumbe wa bahari kuu, uliokubaliwa 2023, umeanza kufanya kazi Januari 2026. Mikataba mipya huleta ofisi mpya. Sekretarieti ya Mkataba wa Nairobi, unaoziunganisha nchi kumi za upande huu wa Bahari ya Hindi, iko Nairobi chini ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, safari ya SGR tu kutoka hapa.

Kuna na ndugu wa kazi hii, sheria ya meli na biashara ya bahari: kukamata meli inayodaiwa, bima ya mizigo, mishahara ya mabaharia. Hiyo inalipa vizuri zaidi na makao yake ya asili nchini ni Mombasa. Simlaumu anayeichagua. Wengine hufanya zote mbili, ya meli kulisha nyumba na ya mazingira kulisha roho.

Taabu zake

Nisimpakie mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kesi za mazingira hazina mteja tajiri. Mashirika yanayowaajiri mawakili hawa huishi kwa ufadhili wa miaka miwili mitatu, na ufadhili ukikatika mshahara nao unakatika. Wanaharakati wa Lamu na Owino Uhuru wametishwa na kukamatwa. Na ndani ya jamii yenyewe utapata maneno: utaitwa mpinga maendeleo na vijana wanaotaka kazi ya ujenzi, nao wana haki ya kutaka kazi. Jibu la haraka kwao halipo. Mtu akikwambia bandari itamwajiri mwanawe, huwezi kumjibu kwa kifungu cha Katiba peke yake. Lazima uweze kukaa naye mkahesabu ni nafasi ngapi, za nani, kwa muda gani, na samaki watakwenda wapi.

Jambo jingine linalochosha ni kutumikia upande usioupenda. Wakili wa NEMA hutetea leseni zilizotolewa na NEMA, hata asizozipenda. Wapo wanaosema kijana mwadilifu asiingie huko. Mimi naona kinyume. Ripoti ya Lamu ilipitia mikononi mwa maafisa kabla ya kufika kwa jopo. Afisa mmoja anayeijua kanuni ya mikutano mitatu, na mwenye ujasiri wa kuandika "irudishwe" pembeni ya karatasi, angewaokolea watu miaka mitatu ya kesi.

Halafu kuna lugha. Ripoti za tathmini huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, mamia ya kurasa, kisha zinapelekwa kwa watu wanaosema Kibajuni, Kiamu, Kidigo au Kigiriama. Kanuni inataka tangazo la redio litolewe pia kwa lugha za wenyeji. Inatekelezwa kwa juujuu. Anayeweza kuibadilisha ripoti ya kurasa mia tano kuwa mazungumzo ya saa moja chini ya mwembe, bila ya kuipunja wala kuitia chumvi, ana ujuzi ambao Nairobi haiwezi kututumia kwa barua. Kijana aliyekulia Matondoni au Gazi tayari ana nusu ya ujuzi huo. Nusu ya pili inasomwa.

Hakuna haja ya kungoja chuo ndipo uanze. BMU ya kijiji chako ina katiba yake na daftari la wanachama. Iombe uisome, na kama daftari lina mapengo, jitolee kulijaza. Kenya Gazette hutoka kila Ijumaa na inasomwa bure mtandaoni. Matangazo ya NEMA ya miradi mipya humo hutaja mahali mradi ulipo na siku za kutoa maoni. Tafuta jina la kaunti yako. Ukiona mradi karibu na bandari yenu ya uvuvi, peleka habari kwa mwenyekiti wa BMU na imamu na mzee wa mtaa siku hiyohiyo, kwa sababu leseni ikishatolewa, mwenye kulalamika ana siku 60 tu za kukata rufaa kwa jopo, na siku hizo huanza kuhesabiwa ukiwa umesikia au hukusikia.